Kamati ya Vifaa Chakavu

Mimi ni mtu wa hasira na sijifichi. Mama alikuwa akisema nilizaliwa nikigombana na mkunga. Kwa hivyo ukisikia nimepaza sauti humu ndani, usidhani kuna jambo jipya. Nimestaafu tu, sijapoa.

Nilifundisha baiolojia katika shule moja ya wasichana huku Kanja, Embu, kwa miaka thelathini na moja. Kumi na mmoja ya mwisho nilifundisha seli bila seli. Unanielewa? Nilikuwa nachora duara ubaoni, ndani yake naweka vidude, naambia wasichana, "Hii ndiyo seli, mwili wako umejengwa kwa hizi." Nao wananakili duara langu, wanapata maksi, wanarudi nyumbani wakiamini wamejaa chaki. Hakuna hata mmoja aliyekuwa ameiona seli kwa jicho lake. Mwaka wa 2019 nikaletewa barua kwamba ifikapo tarehe thelathini na moja Julai nitakuwa nimetimiza miaka sitini na niende nyumbani. Nikajiambia, Cicily, huondoki hapa kabla darasa moja, hata moja tu, halijaiona seli.

Si kwamba shule haikuwa na hadubini, vile vyombo vya kukuzia vitu visivyoonekana. Tulikuwa nazo ishirini na nne! Zilikuwa stoo, zimepangwa rafuni, kila moja na namba yake ya rangi nyeupe, na zote zimekufa. Baridi na ukungu wa Kanja vilikuwa vimeota hadi kwenye lenzi.

Aliyezilinda ni Bwana Ndambiri, mtunza stoo, mwanamume mwembamba wa koti la kijivu ambaye hajawahi kupoteza hata kijiko cha shule. Nilikuwa nimemwomba mara nyingi tuzifungue tuone tatizo. Kila mara alifungua kijitabu cha kanuni na kunisomea kwa sauti ya kanisani: kifaa cha serikali hakifunguliwi, hakirekebishwi na hakitupwi mpaka Kamati ya Vifaa Chakavu ikae na kuthibitisha kwamba kimechakaa.

"Basi ikae," nilikuwa namwambia.

"Madam, kamati inaitwa na mwenyekiti."

"Mwenyekiti ni nani?"

"Marehemu Naftaly."

"Si mchague mwingine!"

"Mwenyekiti huchaguliwa kikaoni, Madam. Na kikao huitwa na mwenyekiti."

Marehemu Naftaly alizikwa mwaka wa 2008. Na usifikiri hatukuomba hadubini mpya. Tuliomba, tukajibiwa kwa barua yenye muhuri kwamba, kulingana na rekodi, shule yetu ina hadubini ishirini na nne, nyingi kuliko shule yoyote ya jirani, na tuone aibu. Maiti zile zilikuwa zimeziba mlango, walio hai hawawezi kuingia. Haki ya Mungu, kuna siku nilitaka kuichoma ile stoo.

Sasa Jumatatu moja ya Juni, ukungu umefika hadi madirishani, nilikuwa Kidato cha Kwanza nikifundisha lisosomu. Kwenye silabasi lisosomu ni mstari mmoja: huvunjavunja viungo vya seli vilivyochakaa. Wasichana wanaukariri kama namba ya simu na hawajui wanasema nini. Siku hiyo nikaweka kitabu chini nikawaeleza.

Nikawaambia, ndani ya seli kuna mitokondria, vile vinu vya kutengeneza nguvu, na kinu huchakaa. Kinu kilichochakaa hutoa sumu badala ya nguvu. Seli haikiachi hapo. Utando mwembamba unaanza kujikunja kukizunguka, polepole, mpaka unajifunga kabisa na kinu kimo ndani ya gunia. Gunia linapelekwa kwa lisosomu, kijifuko chenye vimeng'enya vikali, vinaungana, na kile kinu kinavunjwa chote hadi vipande vidogo kabisa vya protini na mafuta. Na vipande havitupwi, ng'o! Vinarudishwa kujengea vitu vipya. Seli ikishikwa na njaa ndipo inafanya kazi hiyo kwa bidii zaidi, inakula vya zamani ili ifike kesho. Seli inayoshindwa hujaa uchafu wake yenyewe mpaka unaiua. Wataalamu wameipa kazi hiyo jina la Kigiriki lenye maana ya kujila mwenyewe, na Mjapani mmoja alipewa tuzo kubwa ya dunia kwa kuichungulia ndani ya hamira, hii hii mnayoiona jikoni.

Mkono ukainuka nyuma. Alikuwa Kiende, msichana wa kutoka Timau, ambaye baba yake anafanya kazi katika mashamba ya maua na ambaye huuliza maswali kama polisi.

"Madam, na nani anaipa seli ruhusa?"

"Ruhusa ya nini?"

"Ya kufungua kinu cha zamani. Si ni mali ya seli? Kwani haina kamati?"

Darasa likaangua kicheko. Kiende hakucheka, na mimi sikucheka.

"Haina kamati," nikasema.

"Ndiyo maana inaishi," akasema, akaandika kwenye daftari lake.

Nilitoka darasani masikio yamepata moto. Mtoto wa miaka kumi na nne ameona kile ambacho mimi, na digrii yangu, nilikuwa nimekikalia miaka kumi na mmoja! Nikaenda stoo moja kwa moja.

"Bwana Ndambiri, nataka hadubini nne za kufundishia."

"Zimekufa, Madam."

"Najua. Kuna kanuni inayokataza kufundishia kitu kilichokufa?"

Akafungua kijitabu. Akakisoma mbele, akakisoma nyuma, akakigeuza akaangalia jalada. Haikuwepo. Akaandika kwenye daftari la vifaa, "Zimetoka nne, mbovu," nikatia sahihi.

Jumamosi nikamleta Kasim. Kasim ni fundi wa saa pale Majengo, mjini Embu, kibanda chake kimeegemea bucha ya kaka yake. Watu walipoacha kuvaa saa aligeukia simu, cherehani, redio, na chochote chenye skrubu ndogo. Nilimpa chai na viazi vitamu, akavaa ile lenzi yake jichoni, akaanza kuzifungua hadubini moja baada ya nyingine juu ya meza ya maabara. Alipomaliza zile nne aliguna.

"Mwalimu, hawa hawakufa ugonjwa mmoja."

"Una maana gani?"

"Huyu ameharibika macho. Huyu macho mazima, lakini shingo haipandi wala kushuka. Huyu kila kitu kipo, kioo cha chini kimepasuka. Wewe umelaza wagonjwa wodi moja ukawaandikia wote kifo. Niletee wengine."

Nikamletea wengine. Kwa Jumamosi tatu, mara wanne, mara wanane, niliwatoa wote ishirini na wanne na Ndambiri akaandika mbovu, mbovu, mbovu. Kasim akatoa lenzi hapa akatia pale, akachukua kioo cha huyu akampa yule, na vilivyobaki visivyofaa nikavitia kwenye gunia. Jumamosi ya tatu saa kumi alasiri alirudisha lenzi yake mfukoni, akanawa mikono. Mezani palisimama hadubini sita zinazofanya kazi.

"Hizi zitakuzika, mwalimu," akasema, na nilikubali kwa furaha.

Jumatano iliyofuata niliomba kitunguu jikoni. Nikabandua ule utando mwembamba wa ndani, nikauweka kwenye kioo, tone la ayodini juu yake, nikamwita Kiende awe wa kwanza. Aliinama. Akanyamaza. Kiende, kunyamaza! Wenzake wakaanza kumsukuma.

"Madam," akasema bila kuinua kichwa, "ni vyumba. Vyumba vingi, vimepangwa. Na kila chumba kina mtu ndani."

"Huyo mtu ni kiini."

"Haki naona! Wasee, naona!"

Hapo darasa likavunjika. Wasichana arobaini na wawili kwa hadubini sita, wanapiga mayowe, wanavutana sweta, mpishi akaja na mwiko mkononi kuuliza nani ameungua, naye akainamishwa akaangalia, akasema, "Na mimi hukatakata hivi kila siku!" Waliniuliza gunia la kumeza vinu liko wapi. Nikawaambia ukweli kwamba hadubini zetu hazifiki huko, kule ni kudogo zaidi. "Lakini," nikawaambia, "jambo hilo linafanyika sasa hivi ndani ya jicho lako linaloangalia." Kiende akajishika jicho. Nilitoka nje nikasimama karibu na tangi la maji nikalia, na sioni haya kusema.

Kama hadithi ingeishia hapo ningekuwa mtu mpole leo.

Alhamisi nikarudisha vyote stoo. Hapa lazima nikueleze jambo moja kuhusu Bwana Ndambiri. Alipoajiriwa, kwa bidii ambayo hakuna aliyemwomba, hakuandika namba ya hadubini mahali pamoja. Aliandika kwenye mguu, akaandika kwenye shingo, akaandika kwenye bomba, akaandika hata mgongoni mwa kioo, ili mtu asije akaiba kipande. Sasa akaichukua ya kwanza kati ya zile sita, akaigeuza. Mguu ulikuwa wa saba. Shingo ilikuwa ya kumi na tano. Bomba la tatu, kioo cha kumi na tisa. Bwana Ndambiri alitafuta kiti akakaa.

"Madam, hii ni ya ngapi?"

"Hii ni ile inayofanya kazi."

"Sikukuuliza hiyo."

Ile kamati ambayo haikuwa imekaa kwa miaka kumi na mmoja ilikaa baada ya siku nne. Naomba ulitafakari jambo hilo kidogo. Kuthibitisha kwamba chombo kimekufa, haiwezekani, mwenyekiti ni marehemu. Kumhukumu mwanamke aliyekifufua, mara moja wakamteua Riungu, mwakilishi wa wazazi na mwuza mbao, kuwa mwenyekiti wa muda. Kuku wawili wakachinjwa. Chapati zikapikwa. Nikaitwa zikiwa zimeshaliwa.

Walikuwa watu watano kuzunguka meza ya ofisi ya mwalimu mkuu, Bi Marcella, ambaye ni mama mwema anayeogopa kila kitu chenye muhuri. Katikati ya meza ilisimama ile hadubini yenye namba nne tofauti. Chini lilikuwa gunia langu.

"Swali ni hili," Riungu akaanza, akijifuta mafuta ya kuku. "Shule ina vifaa ishirini na vinne. Hapa naona sita na gunia. Hii, kwa mfano, tuiandikeje?"

"Mguu ndio msingi," mmoja akasema. "Iandikwe ya saba."

"Na kichwa je? Mtu hutambuliwa kwa uso au kwa kiatu?"

"Tuchukue katikati," akasema mwingine. "Saba na kumi na tano, ugawanye kwa mbili. Kumi na moja."

"Ya kumi na moja imo kwenye gunia," Bwana Ndambiri akasema kwa uchungu wa kweli, na wote wakatikisa vichwa.

Nikauliza kama kuna mmoja wao angependa kuangalia ndani. Hakuna aliyependa. Nikawaeleza habari ya seli, mwanzo hadi mwisho, utando, gunia, vimeng'enya. Nikawaambia kwamba kila mmoja wao yuko hai mezani pale kwa sababu ndani ya mwili wake usiku na mchana vitu vibovu vinavunjwa vikajengewa vizima, na kwamba kama ini la Bwana Riungu lingeongozwa na kamati hii angekuwa amezikwa kabla ya Naftaly. Hapo Bi Marcella alifunga macho.

Azimio likaandikwa. Nalijua kwa moyo: "Hadubini zote ishirini na nne zirejeshwe, chini ya usimamizi wa mwalimu wa baiolojia, katika hali zilivyokuwa kwenye daftari. Mtunza stoo azihesabu kila Ijumaa. Fomu ya mwalimu ya kuondokea isitiwe sahihi mpaka hilo litimie."

"Hali ipi hiyo ya kwenye daftari?" nikauliza.

Ndambiri akafungua ukurasa. "Mbovu," akasema.

Ukitaka kujua fomu ya kuondokea ni nini, ni karatasi ambayo kila idara inatia sahihi kwamba hujabeba mali ya shule. Bila hiyo faili yako ya kustaafu haiendi popote. Nawajua walimu waliozeeka wakiifuata. Bi Marcella alinifuata hadi getini, manyunyu yanatuangukia.

"Dada yangu, nakuomba. Vunja tu hivyo vitu uende nyumbani Kibugu ukalime chai yako. Utawafanyia nini wasichana ukiwa unazunguka ofisini na karatasi?"

"Na wakishavunjiwa wataona nini?"

"Wataona ubaoni, kama tulivyoona sisi."

Niliumia kwa sababu alisema kwa upole na kwa sababu alikuwa sahihi kuhusu fomu. Nilisimama pale nikiisoma tena nakala ya azimio, nikitafuta mtu wa kumtukana, na ndipo nikaona lile neno. Usimamizi. Walikuwa wameniamuru nisimamie. Hawakuwa wameandika ni mkono wa nani utakaoshika bisibisi.

Zilikuwa zimebaki siku nane. Nikaandika kwenye ratiba: Kidato cha Kwanza, utekelezaji wa azimio la kamati. Nani angepinga? Nikawagawa wasichana saba saba, makundi sita, kila kundi na hadubini yake na bisibisi ndogo za Kasim. Bwana Ndambiri akakaa mlangoni na daftari la vifaa. Siku ya kwanza walifungua kila kitu na kukitandaza kwenye gazeti. Kisha nikawaambia wafunge tena kama Kasim alivyofunga. Kisha wafungue. Kisha wafunge.

Siku ya tatu Ndambiri akasimama. "Madam, mnafungua halafu mnafunga vilevile! Azimio linasema zirejeshwe."

"Bwana Ndambiri, hawa ni watoto. Unataka wakosee, shingo ya kumi na tano iende kwa kumi na nne, halafu lawama iwe yako?"

Alikaa. Wasichana waliendelea. Mwanzoni kundi lilichukua kipindi kizima kuijenga moja, na lenzi zikiangushwa nilikuwa napiga kelele mpaka sauti ikanikauka. Kufikia siku ya sita kundi la Kiende lilikuwa linaijenga huku wanaimba. Walikuwa wanajua, bila kuandika popote, kwamba bomba la tatu linapenda kioo cha kumi na tisa, na kwamba mguu wa ishirini na mbili unataka kukazwa kwa kiasi. Siku ya nane nilikohoa, nikawaambia, "Sasa rudisheni." Wakarudisha. Kila lenzi yenye ukungu kwenye bomba lake, kila kioo kilichopasuka kwenye mguu wake, kila skrubu iliyoliwa mahali pake. Kiende alikuwa akivuta kamasi huku anakaza, na nilimwacha alie.

Ndambiri alihesabu mara mbili. Ishirini na nne. Akachungulia ndani ya kila moja kuhakikisha haionyeshi kitu. Akatia sahihi, na kwenye nafasi ya maoni akaandika: "Amerudisha zote. Zote mbovu. Hali ya kuridhisha." Wakanipa blanketi na chupa ya chai, Riungu akasoma hotuba kuhusu kujitolea kwangu, nikala kuku wao bila kutabasamu.

Mwezi wa tisa nilikuwa Kibugu nachuma chai simu ikalia. Ilikuwa namba ya Koome, mwalimu wa kemia, lakini sauti ilikuwa ya Kiende.

"Madam, uko salama? Tumepewa dakika mbili tu. Mwalimu Koome hutuchukulia zile hadubini Jumatatu. Anaandikiwa mbovu. Tunajenga sita, tunazitumia hadi Alhamisi, halafu tunazivunja na kuzirudisha kabla Mzee Ndambiri hajahesabu. Tumewafundisha na Kidato cha Pili. Sasa kuijenga moja tunatumia dakika kumi na mbili tu!"

Nilikaa chini palepale kati ya michai na kikapu mgongoni. Nikauliza kama hakuna aliyewashika.

"Ametushika Madam, juzi Jumatano."

"Nani?"

"Mzee Ndambiri mwenyewe. Alikuja kuuliza beseni. Akazikuta zote sita mezani. Basi mimi nikamwambia, Mzee, karibu, ni maji ya mtaro, kuna vitu ndani. Akavua kofia. Akafunga jicho lile la kuchungulia, tukamwonyesha afunge lingine. Akaangalia, Madam. Aliangalia mpaka kengele ikalia na hakuna aliyetoka. Akasema, 'Kinatembea.'"

"Halafu?"

"Halafu akavaa kofia. Akatuangalia sisi, akaangalia zile hadubini, akasema, 'Ijumaa nikija kuhesabu, nizikute zote zimekufa.' Akaenda na beseni lake."